Waziri akisafiri, mwenziwe hulipiwa na nani?

Wiki hii barua nyingi zimehusu jambo moja, safari za wakubwa. Nimechagua nne.

Waziri akienda ng'ambo kikazi na mkewe, nauli ya mama hutoka wapi? (Msomaji, Kasarani)

Anza na swali hili: mama ana kazi gani huko? Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka fedha za umma zitumike kwa uangalifu na uwajibikaji, na kuandamana na mume si kazi. (Mume wa waziri naye ni vivyo hivyo; tuna mawaziri wanawake, ingawa walioniandikia wote wamesahau.) Kumbuka pia Julai 2024, baada ya maandamano ya Mswada wa Fedha, Rais Ruto alitangaza kufutwa kwa bajeti ya ofisi ya Mke wa Rais na ya mke wa Naibu Rais. Ikiwa hao walitangaziwa kuondolewa fungu, wa waziri atalidai kwa hoja gani? Akitaka kwenda, aende, ila tiketi itoke mfukoni mwao.

Mimi huwaangalia zaidi wanaotia sahihi. Kifungu cha 226 kinasema afisa akiidhinisha matumizi kinyume cha sheria, hasara ni yake na atailipa, hata akiwa ameshaondoka ofisini. Hapo ndipo karani mwenye akili huweka kalamu chini.

Binamu yangu wa wizarani alipewa masurufu ya safari. Amerudi mwezi mzima, stakabadhi hana. Atafanywa nini? (Donholm)

Amechelewa. Kanuni za fedha za 2015 zinampa siku 7 za kazi tangu arejee kituoni, awe ametoa hesabu ya pesa hizo. Zikipita, pesa zote hukatwa kwenye mshahara pamoja na riba. Mwambie apekue mifuko ya koti leo hii.

Waziri akitunukiwa saa ya dhahabu ugenini? (Umoja)

Ikiwa ni katika hafla rasmi, ni ya Jamhuri. Soma Kifungu cha 76. Sheria inaweza kuruhusu baadhi ya zawadi, lakini dhahabu?

Mimi ni mwananchi tu. Naweza kuuliza safari fulani iligharimu kiasi gani? (Kawangware)

Unaweza, na huhitaji wakili. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Ombi lenyewe halilipiwi. Utalipia nakala tu. Taja wizara, nchi na tarehe, kisha uliza: msafara ulikuwa na watu wangapi, nani alilipiwa, kutoka fungu gani. Ukiuliza kijumla utajibiwa kijumla. Wana siku 21. Wakikunyima au wakinyamaza, nenda kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile tunayoiita Ombudsman. Ombi lenyewe lipeleke wizarani kwa nakala mbili na urudi na moja iliyogongwa muhuri wa kupokewa, maana barua za aina hii zina mazoea ya kupotea.