Alama za Vidole: Majibu kwa Maswali Yenu

*Mapacha wa kufanana wana alama zilezile?*

Hapana. Swali hili linarudi kila mara na jibu halijabadilika. Wana DNA moja, lakini mistari ya vidole huumbika tumboni kuanzia takriban wiki ya 10 ya mimba, na kila mtoto hugandamizwa kwa namna yake. Hata vidole vyako kumi havifanani.

*Alama za ndugu yangu zimekutwa kwenye dirisha la nyumba iliyovunjwa. Ndiyo basi tena?*

Bado. Alama inathibitisha jambo moja tu: kidole hiki kiligusa kioo hiki. Haisemi lini wala kwa nini. Hakuna njia ya kuaminika ya kupima umri wa alama, na kwenye kioo kilichokingwa na mvua inaweza kudumu miezi. Kwa hiyo ulizeni: ilikuwa upande wa ndani au wa nje? Ncha za vidole zilielekea wapi? Aliyeegemeza kiganja akichungulia ndani na aliyeshika ukingo ili apande hawaachi alama kwa namna moja. Kisha ulizeni picha iliyopigwa kabla alama haijanyanyuliwa kwa utepe. Bila picha hiyo mtabaki na neno la askari, na wakili asiyeidai amemtupa mteja wake.

*Nimesikia lazima zipatikane nukta 12 zinazolingana.*

Nukta ni pale mstari unapokatika au kugawanyika. Idadi inategemea nchi. Uingereza ilidai 16 hadi mwaka 2001, ikaachana nazo. Marekani haina idadi maalumu. Nukta 8 zilizo wazi zina uzito kuliko 14 za kubahatisha kwenye alama iliyopakaa, na tofauti moja isiyo na maelezo yatosha kukataa kwamba ni mtu yuleyule.

*Siku hizi kompyuta ndiyo inayolinganisha. Makosa yatatoka wapi?*

Kwa binadamu. Kompyuta hutoa orodha ya wanaokaribiana. Anayeamua ni mtu. Na kumbukumbu zikijaa mamilioni ya watu, hakosekani asiyehusika ambaye alama yake inakaribiana sana na ile inayotafutwa.

Mwaka 2004, baada ya mabomu ya treni za Madrid, alama ilikutwa kwenye mfuko wa plastiki uliokuwa na viwashio vya mabomu. Kompyuta ya FBI, wapelelezi wa Marekani, ikatoa watu 20. Wataalamu watatu wa FBI wakasema ni ya mwanasheria mmoja wa Oregon, Marekani. Hata mtaalamu aliyeteuliwa na mahakama akakubali. Polisi wa Hispania walikuwa wamekwisha kuwaambia kwamba hailingani. Mtu yule alikaa kizuizini wiki mbili, hadi Wahispania walipompata mwenye alama, raia wa Algeria.

Kosa la aina hiyo ni nadra. Katika utafiti wa mwaka 2011 uliohusisha wataalamu 169, kumhusisha asiyehusika kulitokea kwa asilimia 0.1 tu. Lakini asilimia hiyo ina sura ya mtu. Waliohakiki alama ile ya Madrid walijua tayari mwenzao amejibu nini. Nimeliandika na nitaliandika tena: mhakiki asionyeshwe jibu la kwanza. Akishaonyeshwa, hahakiki chochote, anaitikia.

*Mtu akichoma vidole kwa asidi?*

Mistari hurudi, maana mizizi yake iko chini ya ngozi ya juu. Jeraha likifika huko, kovu lake linakuwa kitambulisho kipya.

*Barua ya vitisho naweza kuipaka poda mwenyewe?*

Usiiguse! Karatasi hunyonya jasho, kwa hiyo maabara hutumia kemikali iitwayo ninhidrini, inayokutana na amino asidi za jasho na kuzigeuza zambarau. Mvuke wa supagluu ni wa plastiki na vyuma. Ishike barua pembeni kwa kibanio, uitie kwenye bahasha safi ya karatasi. Kama imelowa, iache ikauke kwanza kivulini.