Risasi za kumimina kwa Winchester ya bomba: anza na ncha

SWALI: Kamwene fundi. Nipo Pawaga, Iringa Vijijini. Nimerithi bunduki ya marehemu baba, Winchester 94 inayotumia risasi za .30-30, na leseni imeshatoka kwa jina langu. Nguruwe pori wanatumaliza kwenye mahindi. Muuzaji wa silaha anasema anaweza kuniagizia risasi zenye vichwa vya kumimina, madini ya risasi matupu bila koti la shaba. Orodha yake ina vya ncha kali, vya mviringo na vya bapa, kipenyo cha inchi .308 na .310, vingine laini, vingine vigumu. Kila ninayemuuliza ananijibu nichukue vigumu kuliko vyote. Ni kweli?

JIBU: Kamwene, na pole kwa kuondokewa na mzee. Hao wanaokushauri wameanzia mwisho. Ugumu tutaufikia. Kwanza tuzungumzie ncha, maana hiyo ndiyo inayoweza kukuumiza.

Bunduki yako haina kasha la kuchomeka. Risasi zinakaa kwenye bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, na springi inazisukuma. Kwa hiyo ncha ya kila risasi inaegemea kitako cha iliyo mbele yake, pale pale ilipo fataki, kile kikofia kidogo kinachowasha baruti. Ukifyatua, bunduki inarudi nyuma kwa nguvu na risasi zote za kwenye bomba zinagongana. Ncha kali ikigonga fataki, inafanya kazi ile ile ya pini ya bunduki. Risasi inaweza kulipuka humo bombani, na mkono wako wa kushoto umeshika hapo hapo.

Jambo hili linajulikana tangu zamani. Wajerumani walipoipa bunduki yao ya Mauser bomba, ile ya 71/84, waliitengenezea risasi ya ncha bapa. Wafaransa nao waliianza Lebel ya 1886 na ncha bapa, na walipohamia ncha kali mwaka 1898 walitegemea mfereji wa duara kwenye kitako cha risasi, ulioizunguka fataki, ili ncha ya nyuma idakwe humo. Kitako cha .30-30 yako hakina mfereji huo. Kwa hiyo agiza ncha bapa. Ya mviringo, ikiwa butu kweli kweli, hutumika, lakini sioni sababu ya kuichukua wakati bapa ipo, na bapa humgonga mnyama vizuri zaidi. Wapo wanaotumia ncha kali kwa kuweka moja chemba na moja tu kwenye bomba. Inawezekana, ila siku utakayosahau utakuwa gizani shambani, nguruwe wanakimbia. Usiziweke nyumbani kabisa.

Angalia pia kama mdomo wa ganda umebanwa vizuri kwenye mfuo wa kichwa. Usipobanwa, springi na mrudisho vinakisukuma kichwa kiingie ndani ya ganda, na shinikizo la baruti linapanda.

Sasa kipenyo, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu. Kichwa chenye koti huwa .308. Cha kumimina kinatakiwa kizidi kidogo tundu la mtutu, sehemu moja au mbili kati ya elfu moja za inchi, kiujaze na kuzuia gesi isipite pembeni. Gesi ikipita, inayeyusha na kukwangua ubavu wa kichwa, na madini ya risasi yanaganda kwenye mistari ya ndani ya mtutu. Niliwahi kuletewa bunduki ambayo mwenyewe alishaikatia tamaa, mtutu umechoka, shabaha haipo. Nilitoa utando wa madini hayo kwa brashi ya shaba karibu siku nzima. Mtutu ulikuwa mzima kabisa. Alikuwa anatumia vichwa vigumu sana vyenye kipenyo kidogo. Kichwa laini kidogo kinachoenea vizuri kingemfaa kuliko kigumu kinachopwaya.

Usiamini namba iliyochongwa kwenye mtutu. Mpelekee fundi mwenye leseni apitishe donge la madini laini ya risasi ndani ya mtutu mtupu uliopakwa mafuta, kisha alipime kwa maikromita. Likisoma .308, chukua .310, mradi risasi nzima inaingia chemba bila kulazimishwa.

Ugumu, basi. Madini ya risasi yasiyochanganywa na kitu yana kama 5 kwa kipimo cha Brinell, na yakichanganywa na antimoni na bati ugumu hupanda. Kwa .30-30, 12 hadi 15 inatosha. Kitako cha kichwa kiwe na kikombe kidogo cha shaba. Bila hicho, mwendo ukizidi kama mita 400 kwa sekunde utaanza kuona utando tena. Uzito wa greni 170, karibu gramu 11, ndio niupendao kwenye bunduki hii. Kwa nguruwe, ndani ya mita 100, inatosha, ila zungumza kwanza na afisa wanyamapori. Na usipige palipo na mwamba nyuma ya mnyama, kichwa kigumu hurukaruka.

Kumimina na kujaza mwenyewe nyumbani usijaribu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka leseni kwa utengenezaji. Nunua zilizo tayari, boksi moja kwanza. Usiliache kwenye gari juani. Vichwa hivi hupakwa mafuta yenye nta, na kwa joto la Pawaga yanayeyuka na kuifikia baruti. Piga kumi kwenye uwanja wa shabaha, kisha tazama mtutu kwa tochi. Ukiona michirizi ya kijivu karibu na chemba, acha hapo, niandikie kipimo alichopata fundi.