Chenso ya zamani inawaka, ukiipa mafuta inazima: usikimbilie kununua kabureta

Mkuu, umesema chenso yako imekaa stoo muda mrefu, sasa inawaka na kunguruma vizuri, ila ukibonyeza mafuta inafifia na kuzima, na fundi kakwambia kabureta imekufa. Huenda ni kweli. Lakini usinunue chochote kwanza, na nakuomba usikate nayo ikiwa katika hali hiyo. Injini ya aina hii haina oili ya peke yake. Oili inaingia pamoja na petroli. Ikikosa mafuta imekosa na kilainishi, na pistoni inaanza kula silinda. Chenso nyingi nilizoletewa zikiwa zimekufa kabisa zilianza na dalili hii hii.

Kwa hiyo anza na ekzosi. Ifungue, toa plagi, vuta kamba taratibu huku unamulika tochi kwenye tundu. Pistoni iliyo salama inang'aa. Vimistari vya mlalo ni vya kiwandani, havina neno. Ukiona mikwaruzo ya wima, pitisha ukucha: ukikwama, hata kabureta mpya haitakusaidia, maana hapo mgandamizo umeshapotea au unaelekea kupotea.

Pistoni ikiwa salama, fuata njia ya mafuta. Mwaga petroli yote ya zamani. Vuta chujio la ndani ya tangi kwa waya uliokunjwa ncha, kisha upinde mpira wake wa kupitishia mafuta kwa vidole. Nyufa zake huwa hazionekani mpaka uupinde. Kisha fungua kabureta. Mle ndani kuna viwambo vyembamba, na kimoja ndicho pampu yenyewe. Kinatakiwa kiwe laini. Kikilia kama jani kavu ukikibonyeza, mchawi wako ni huyo, na seti ya viwambo na gasketi ni nafuu kuliko kabureta nzima.

Ukisharudisha, njoo kwenye skrubu mbili za kabureta, L (ya mwendo mdogo) na H (ya mwendo kasi). Nyingi za zamani zinaanzia mzunguko 1 kutoka pale zinapogota, na ugotishe kwa wepesi, usikaze. L irekebishe mpaka injini ipokee mafuta bila kusita. H ndiyo inayoua mashine. Ukibonyeza mafuta yote bila kukata, sauti iwe inakoroma kidogo. Ukiingiza kwenye gogo, ule ukoroma upotee. Ikipiga kelele kali, safi, kabla haijagusa mti, inanyimwa mafuta: fungua H kidogo. Na ukiachia mafuta halafu mngurumo ukachelewa kushuka, kuna mahali inavuta hewa, mara nyingi kwenye sili za kreki (mipira inayoziba hewa kwenye shafti ya injini). Usilifiche hilo kwa skrubu. Badilisha sili.

Mchanganyiko: 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa lita 1 ya petroli. Mimi za zamani naziwekea mililita 25 kwa lita. Oili iwe ya injini za mipigo miwili, si ya gari. Na ukijua haitatumika kwa muda, mwaga tangi kisha iache iwake mpaka izime yenyewe.

Mnyororo utakwambia wenyewe: ukitoa vipande, unakata, ukitoa unga, unoe. Tupa ya kunolea iendane na saizi ya mnyororo, ambayo hutajwa kwa inchi: tupa ya milimita 4.8 kwa mnyororo wa .325, na ile ya milimita 5.5 inafaa minyororo mingi ya 3/8. Geuza upanga (kile chuma kirefu kinachobeba mnyororo) juu chini kila unaponoa ili usilike upande mmoja, na safisha mfereji wake pamoja na kile kitundu cha oili, maana unga wa mbao ukishikana na oili unakiziba kabisa.

Kabla hujaingia kazini, jaribu breki. Mnyororo ukiwa unazunguka, sukuma kinga ya mbele kwa mkono ulioshika mpini wa mbele, bila kuuachia. Mnyororo usimame papo hapo. Ukiendelea kuzunguka, zima, fungua kifuniko, safisha ukanda wa breki na uuangalie kama umelika. Mpaka breki ishike, usiguse nayo hata fito.