Maswali na Majibu: Anayeacha Pombe Msimfungie Mlango

Kila ikiingia Shaabani barua za pombe huongezeka, na sababu naijua kama mnavyoijua. Watu wananuia kuingia Ramadhani wakiwa safi. Wanakunywa ya mwisho siku ya vunja jungu, na mwezi ukiandama wanakata. Nia njema, Mwenyezi Mungu aipokee. Lakini mwili wa mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka haujui kama mwezi umeandama. Kwa hiyo safari hii maswali mengine yote nimeyaweka kando.

Baba mdogo amekunywa gongo miaka mingi. Ameamua kuacha, na tangu jana asubuhi tumemfungia chumbani asitoke. Anatetemeka, anatoka jasho, anatapika. Tumsubiri siku ngapi mpaka atulie? (Jang'ombe)

Huyu nilimpigia simu papo hapo, maana swali kama hili halingoji. Naliandika hapa kwa kuwa wapo watakaoliuliza tena, kama walivyouliza mwaka jana na mwaka juzi, na jibu langu ni lile lile: fungueni mlango, mpelekeni hospitali leo.

Nisikilizeni vizuri. Pombe hupoza ubongo. Ukiupoza kila siku, nao hujifunza kujikaza ili uweze kufanya kazi juu ya ulevi. Siku unapoiondoa pombe ghafla, kule kujikaza kunabaki palepale na hapana tena cha kukupoza. Ndipo mikono inapotetemeka, moyo ukaenda mbio, jasho likatoka, tumbo likachafuka na roho ikawa juu juu. Haya huanza baina ya saa 6 na saa 24 tangu gilasi ya mwisho. Degedege, kama lipo la kuja, mara nyingi huja ndani ya saa 48 za mwanzo. Halafu, kuanzia siku ya pili mpaka ya nne, wachache huingia katika hatua iliyo mbaya kuliko zote: mwili unachemka, presha inapanda, mtu anaweweseka, hajui yuko wapi wala aliye mbele yake ni nani. Hapo watu hufa. Hospitali hupewa diazepamu kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, vitamini B1 na maji ya mshipa, na wengi wao hurudi nyumbani wakitembea kwa miguu yao.

Mnaniambia mnafunga mlango asitoke kwenda kunywa. Sawa, lakini mara nyingi ninavyoona mie ni kwamba mnafunga jirani asijue. Na akianguka degedege huko ndani, nani atamlaza ubavu asipaliwe na matapishi yake?

Jambo jingine. Daktari akiuliza anakunywa nini na kiasi gani kwa siku, semeni kweli. Gongo ni haramu kwa dini na ni kosa kwa sheria, hilo halina ubishi, lakini daktari anauliza ili ajue kipimo cha dawa. Mkimwambia "homa tu", atatibiwa homa.

Mimi sinywi pombe, nakunywa tembo tu, asubuhi na jioni. Mbona nikikosa siku moja mikono inatetemeka? (Donge)

Tembo la mnazi ni pombe. Likigemwa ni tamu, likikaa saa chache limeshachachuka, na la jioni unalijua mwenyewe. Kutetemeka kwako ndiko kunakojibu swali. Soma jibu la juu tena, kisha nenda ukamwone daktari kabla hujaacha, si baada.

Nafanya kazi hotelini Nungwi. Baada ya zamu hunywa bia mbili tatu, siku nne kwa wiki. Nimeacha siku ya tatu leo, kichwa kinauma, usingizi sipati. Na mimi nitaanguka degedege?

Kwa unavyoeleza, sitarajii. Nakushukuru umeuliza kwa kueleza kiasi na siku. Wengine huandika "nakunywa kidogo" tu, na mie sina mizani ya kupimia hicho kidogo.

Jiulize haya. Umewahi kunywa asubuhi ili mikono itulie? Umewahi kuanguka degedege au kuona visivyokuwepo ulipoacha zamani? Una kisukari, ugonjwa wa moyo au wa ini? Unaishi peke yako? Kama hata moja jibu ni ndiyo, usijiachie nyumbani. Kama yote ni hapana, utaumwa umwa siku nne tano kisha utaona nafuu.

Kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa. Ukitapika, changanya chumvi na sukari ya hospitali ile ya pakiti. Dafu ni zuri, ila mwenye maradhi ya figo asilinywe bila kuuliza. Tumbo likikataa wali, kunywa uji mwepesi wa mtama au supu, kidogo lakini mara nyingi. Kahawa ya barazani iache kwa sasa: moyo wako unakwenda mbio tayari, na usingizi ndio huo unaoutafuta. Kichwa kikiuma, meza parasetamo, lakini vidonge vya miligramu 500 visizidi 4 kwa siku, kwani ini lililozoea pombe halistahimili zaidi. Diklofenaki usiguse, tumbo la mnywaji huvuja damu kwa urahisi.

Na zamu yako. Mtu hawezi kuacha pombe huku anaimimina kila usiku. Muombe meneja akuhamishie jikoni au bustanini, hata kwa mwezi mmoja. Najua bakshishi iko baa.

Bi Muuguzi, mume wangu analewa kila siku na hataki kusikia habari ya kuacha. Nimeambiwa kuna unga wa kumtilia kwenye chai asijue, akaichukia pombe. Nitaupata wapi? (Wete)

Mwanangu, machungu yako nayaona, na sikulaumu kwa kutafuta. Lakini sikupi jina la duka, na aliyekwambia hakukwambia yote.

Dawa ya namna hiyo ipo kweli, inaitwa disulfiramu. Mwenye kuimeza akinywa pombe, uso unakuwa mwekundu, moyo unagonga, anatapika, presha inaanguka, na wapo ambao moyo husimama kabisa. Nguvu yake inaweza kubaki mwilini mpaka wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho. Ndiyo maana hupewa mtu anayejua, aliyekubali, aliyepimwa moyo na ini, na ambaye pombe imeshamtoka mwilini. Mume wako asiyejua atakwenda kunywa kama kawaida yake, na wewe utakuwa umemwekea mtego kwenye kikombe. Hayo ni kama utakachopewa ni disulfiramu. Kama ni unga wa mganga, hapana ajuaye kilichomo.

Yuko mwanamke aliniletea unga huo umefungwa kwenye kipande cha gazeti. Niliunusa: pilipili manga, kitu kama majivu, na kitu cha tatu sikukijua. Alikuwa ameununua kwa pesa za ada ya skuli.

Nenda hospitali ya Wete wewe mwenyewe kwanza, bila yeye. Eleza hali ya nyumbani. Na kama anakupiga, hilo nalo liseme, maana ni jambo jingine kabisa na halingoji mpaka aache pombe.

Asali, tangawizi na habasoda vinatoa sumu ya pombe?

Kunywa kama unavipenda. Degedege havizuii.

Kaka yetu ameacha siku tatu. Tangu jana usiku anazungumza na watu ukutani na anapigana na paka ambaye hayupo. Mganga amesema jini limekasirika kwa kunyimwa tembo, tumfanyie kombe siku saba. (Chake Chake)

Siku saba hamna. Hospitali ya Chake Chake iko karibu nanyi, na kwa wa kusini iko ya Abdalla Mzee, Mkoani. Mchukueni sasa hivi, kisomo mtamsomea huko huko kitandani. Hakuna daktari atakayekataza Qur'ani isomwe.

Nitawasimulia jambo ambalo sikuwahi kuliandika. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa uuguzi, nimerudi Pemba likizo. Kaka yangu mkubwa aliacha kunywa usiku wa kuamkia Ramadhani, na nyumbani tulifurahi mno. Siku ya kwanza alitetemeka. Nilipompa maji, kikombe cha bati kiligonga meno yake mpaka nikasikia nikiwa nimegeuza uso. Tukasema ni uchovu. Usiku wa tatu alikaa kitandani akiokota sisimizi kwenye shuka, mmoja mmoja, kwa vidole viwili, akiwaweka kwenye kiganja. Shuka lilikuwa jeupe, hapakuwa na sisimizi. Akamuuliza mama nani amewaachia kuku ndani. Mwili wake ulikuwa moto kama jiko. Wazee wakasema ni wakubwa, yaani majini, wamempanda, wakaandika kombe kwa zafarani, akanyweshwa na nusu yake ikamwagika kifuani. Mlango ulifungwa kwa nje. Alfajiri ya siku ya nne alikuwa ameshafariki.

Watu waliambiwa ni homa. Mie nilijua jina la ugonjwa ule miezi minane baadaye, darasani, na kila alama mwalimu aliyoiandika ubaoni nilikuwa nimeiona kwa macho yangu chumbani kwetu.

Imani ya mtu simgusi. Ninachosema ni kwamba aliyeacha pombe siku ya pili, ya tatu au ya nne, akaanza kuona wadudu, watu au paka, ana ugonjwa wa ubongo wenye dawa, na dawa hiyo haiko kwa mganga.

Nataka kuacha usiku wa mwandamo na asubuhi yake nifunge. Inafaa? Nakunywa kila siku. (Mkoani)

Acha kabla, wiki mbili kabla, na uache ukiwa chini ya daktari. Shaabani ina siku za kutosha. Kukaa bila maji kutoka alfajiri mpaka magharibi ilhali unatapika na kutoka jasho kunakutosa. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, iko katika Suratul Baqara, aya ya 184, na sheikh wako atakueleza vizuri kuliko mie. Anayeacha pombe katika siku hizo za mwanzo ni mgonjwa.

Mwingine ameniuliza kama apunguze kidogo kidogo badala ya kukata. Sitamwambia mtu anywe. Namwambia asikate peke yake leo usiku, aamkie hospitali kesho. Ila kama anatetemeka sana, amewahi degedege au ameanza kuweweseka, aende usiku huo huo.

Duka la dawa wameniuzia Valium vidonge ishirini bila cheti. Nimeze vingapi? (Fuoni)

Usimeze hata kimoja kabla hujavipeleka kwa daktari. Valium ni diazepamu, dawa ile ile tunayoitumia hospitali, na ndiyo maana inatisha: ukiimeza juu ya pombe unaweza kulala ukasahau kupumua, na ukiizoea una kitu cha pili cha kuacha. Aliyekuuzia amekosea.

Mdogo wangu ni wa pombe, si wa unga (heroini). Tumpeleke soba house, nyumba ya wanaoacha ulevi? Waliomo wanasema arosto, yale mateso ya kuacha, haiui. (Michenzani)

Wanasema kweli ya kwao. Arosto ya unga inatesa vibaya, mifupa inauma, mtu anaharisha na kulia, lakini ni nadra kuua. Ya pombe inaua. Nyumba hizi zimesaidia vijana wengi wa hapa Unguja na naziheshimu, ila ukimpeleka wa pombe, uliza kwanza: kuna daktari au muuguzi usiku? Kama hakuna, aanzie hospitali, zile siku zake tano au saba zipite, halafu aende soba akajifunze kuishi bila kunywa.

Uliniuliza pia kama ni lazima Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, kwa sababu ya aibu. Jina lile tumeligeuza tusi wenyewe, watoto wanatukanana nalo mitaani, halafu tunashangaa kwa nini watu wanafia vyumbani. Kama mguu hauendi huko, mpeleke Mnazi Mmoja, wataanzia hapo.

Na kama ameshaacha na kurudi mara nyingi, mwambie daktari idadi. Kila safari ya kuacha ghafla inaweza kuwa nzito kuliko iliyotangulia. Aliyetetemeka tu mara ya kwanza anaweza kuanguka degedege mara ya tano.

Nina siku 19. Sina tatizo ila nalala saa tatu tu kwa usiku, naota nakunywa, na nakula sukari kama mtoto.

Yote kawaida. Usingizi hurudi taratibu, pengine wiki, pengine miezi. Ukiota unakunywa hujanywa. Kula tende.

Gongo la juzi limeniumiza macho, naona kama ukungu.

Hii si arosto. Huenda limechanganywa na spiriti mbaya inayopofua macho na kuua. Nenda hospitali dakika hii, na uliokunywa nao pamoja nenda nao, hata asiyeumwa.

Nimeacha miezi miwili, alhamdulillahi. Lakini nyayo zinawaka moto usiku, shuka likinigusa naumia. Nilifikiri nikiacha maumivu yataisha. (Makunduchi)

Mishipa ya fahamu ya miguuni imeumia kwa pombe na kwa kukosa vitamini B1, kwani mlevi hali vizuri. Inapona polepole mno, na wakati mwingine haiponi yote. Pima na sukari ya damu, maana kisukari nacho huunguza nyayo hivyo hivyo. Muombe daktari vitamini B1, kula maharage, samaki na mayai, na usitembee peku, hata pwani, kwa sababu mguu uliokufa ganzi hausikii ukichomwa. Usiku chukua kikapu kikubwa, kigeuze juu ya miguu, tandika shuka juu yake ili lisikuguse. Niandikie baada ya mwezi.