Shakwe na kobe: kila mmoja apate nini?

Ndugu yangu uliyeuliza kama shakwe na kobe wa kisiwani wanaweza kubuniwa kuwa washirika katika hadithi unayoiandika, jibu langu ni ndiyo, mradi kila mmoja apate kitu asichoweza kukipata peke yake. Huku Dodoma tunamfahamu mlembe, ndege mdogo anayelia na kuruka kutoka tawi hadi tawi akimwongoza mtu kwenye nyuki: yeye hawezi kupasua gogo, nasi hatuoni tundu lililojificha juu ya mbuyu, kwa hiyo mtu huondoka na asali na ndege hubaki na nta na majana.

Baharini mfano halisi uko Nyuzilandi, ambako tuatara, mtambaazi anayefanana na mjusi, huishi katika mashimo ya ndege wadogo wa baharini na kula wadudu wanaovutwa na kinyesi chao, ingawa mara nyingine humla hata kifaranga wa mwenye nyumba. Tafadhali usiuondoe ukatili huo katika hadithi yako, kwani mwaka 2020 kobe mkubwa wa Shelisheli alionekana akimuua na kumla kifaranga wa ndege wa baharini.