Gari juu, gari chini: majibu kwa wenye maghorofa

"Dalali aliniahidi nafasi ya gari chini ya jengo. Nimehamia, nakuta kumejaa maboksi." (Upanga)
Ahadi ya dalali haiegeshi gari. Soma hati yako. Kama nafasi haikuandikwa kwa jina la mtu, ichukulie ni eneo la pamoja, na chama cha wamiliki chini ya sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 ndicho cha kukibana. Michoro inayopelekwa kuombea kibali ina magari. Jengo likiisha, chini kuna stoo na fremu. Halafu tunalalamika mtaa umeziba.

"Kiwanja changu ni mita 20 kwa 20. Yataingia magari mangapi?"
Swali hili tena! Mnachukua nafasi ya gari moja, mita 2.5 kwa 5, mnagawanya, mnapata 32. Gari halishushwi kwa winchi. Kuna njia ya kupita, mteremko, nguzo, ngazi na lifti. Kwa hayo yote, kila gari hula mita za mraba 25 hadi 30. Tena huchimbi hadi ukuta wa jirani. Ukipata 10, shukuru.

"Maegesho juu ya ardhi au chini yake, yapi nafuu?"
Juu. Hewa na mwanga ni bure, na Dar karibu na bahari hukawii kuchimba ukakutana na maji.

"Tunaweza kuongeza maegesho chini ya ghorofa lililokwisha kusimama?"
Kwa fundi wa mtaani, hapana. Novemba 16, 2024 jengo la Kariakoo liliporomoka, likaua watu wasiopungua 29. Mashuhuda walisema kazi ya kupanua sehemu ya chini ilikuwa imeanza. Msingi hukaa juu ya udongo uliobanwa. Ukiutoa wa pembeni, wa chini unahama.

"Masika maji yanajaa. Pampu moja inatosha?"
Mbili, na jenereta, kwa sababu umeme hukatika mvua hiyo hiyo. Jenereta lenyewe likae nje: moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua. Na maji yakianza kuingia, gari liache. Huko Pohang, Korea Kusini, Septemba 2022, wakazi walishuka kuokoa magari yao wakati wa kimbunga, saba wakafia humo.

"Gari langu ni la gesi asilia, mlinzi ananizuia kushuka."
Gesi hiyo ikivuja hupanda na kujikusanya darini. Feni zinafanya kazi? Kama zimezimwa kubana umeme, mlinzi ana akili kuliko kamati yenu.