DpnI imegoma kukata plasmidi ya zamani? Angalia ilikuzwa kwenye bakteria gani

Mdogo wangu wa Tanga, umeuliza kwa nini baada ya PCR (kunakili DNA kwenye mashine) ya kubadili herufi moja ya jeni umeweka DpnI, kimeng'enya cha kukatakata DNA ya zamani, na bado koloni zote, yaani vishada vya bakteria kwenye sahani, zimetoka na plasmidi ya zamani, ile duara ndogo ya DNA uliyoanza nayo. Pole sana, najua ni siku ngapi hapo.

Niambie kwanza uliikuza kwenye bakteria gani. DpnI haikati DNA yoyote tu: inatafuta mfuatano wa herufi GATC ambao adenini yake (herufi A) imebandikwa methili, alama ndogo ya kikemikali. E. coli wa kawaida, kama DH5α, ana kimeng'enya Dam kinachobandika alama hiyo; JM110 hana. DNA iliyozaliwa kwenye PCR nayo haina, ndiyo maana huachwa salama. Plasmidi ikitoka JM110, ya zamani na mpya zote zinapona. Mimi nilinaswa hapo hapo: kichupa kiliandikwa jina la plasmidi tu, la bakteria hakuna.

Kesho chukua plasmidi ya zamani peke yake, igawe vichupa viwili. Kimoja tia DpnI, kingine DpnII, ambayo hukata GATC isiyo na alama. Nyuzi 37, saa 1, kisha pitisha kwenye jeli uone kama imekatika. DpnII ikikata, DpnI ikigoma, hamishia plasmidi kwenye DH5α uitoe upya. Zote zikigoma, alama huenda ipo ila DpnI yako imekufa. Kwa joto letu hili na umeme kukatika, kichupa cha DpnI kisitoke kwenye barafu hata dakika chache.